Herufi Moja Ndiyo Yetu

Mtu wa kwetu akipata mtoto hachagui majina matatu. Anachagua moja. La pili ni la baba, la tatu ni la babu, na hayo yaliamuliwa zamani, kabla mama hajabeba mimba. Kwa hiyo katika herufi za mwanzo za majina ya mtoto, mbili kati ya tatu mzazi anazikuta. Iliyobaki mkononi mwake ni ile ya mbele. Jambo hili nililiona kwa miaka mingi bila kulitafakari, mpaka mke wa mtoto wa kaka yangu alipojifungua binti, na ukoo ukakubaliana kabla kitovu hakijakauka kwamba ataitwa Ummukulthum.

Hilo lilikuwa jina la mama yetu, aliyetutoka mwaka ule ule kabla ya mfungo. Ni jina zito. Ni la binti wa Mtume, yule aliyeolewa na Sayyidna Uthman baada ya dada yake Ruqayya kufariki. Kwa watu wa umri wa mama lilikuwa pia jina la yule mwimbaji wa Misri, aliyefariki mwaka 1975, ambaye watu wa pwani walimsikiliza redioni hata kama Kiarabu chao kiliishia kwenye sala. Kaka yangu, babu wa mtoto, ndiye kifungua mimba wa mama, na alilishika jina hilo kwa haki. Bagamoyo mtoto akipewa jina la bibi hapati jina peke yake, anapata na watu. Mashoga wa marehemu watamwita somo, watamletea vipande vya kanga, na mwanamume mwenye mvi atamwita "mama" mtoto anayenyonya. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi, na mimi niliyataka kwa mtoto huyu kama kaka alivyoyataka.

Aliyeona kasoro ni mama wa mtoto mwenyewe. Ni muuguzi katika zahanati moja kando ya barabara ya Dar es Salaam, upande wa Mapinga. Alikuwa amekaa kitandani kwetu Magomeni, hapa Bagamoyo, anaandika majina ya mwanawe nyuma ya kadi ya kliniki ili mkono uyazoee, mara akanyamaza. Kisha akaniita.

"Shangazi, hebu soma herufi za mwanzo tu."

Jina la baba wa mtoto linaanza na T. La kaka yangu linaanza na I. Nikasoma U, nikasoma T, nikasoma I.

"Hii mimi naiandika kwenye daftari la wagonjwa kutwa," akasema.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufasiriwa. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna zahanati, duka la dawa wala kibaraza ambako herufi hizo hazitajwi. Huwapata wanawake zaidi kwa sababu ya maumbile tu: mrija wao wa mkojo ni mfupi na vijidudu hupanda kwa urahisi. Hakuna dhambi ndani yake. Lakini mtaani, na shuleni zaidi, herufi hizo hutamkwa kwa jicho la pembeni. Wasichana wa bweni huambiwa wameitoa chooni. Wavulana wa kidato cha pili huanza kucheka mwalimu wa baiolojia hajamaliza kuandika ubaoni. Binti atakayekaa katika darasa hilo na U.T.I. imeandikwa juu ya jalada la daftari lake hatahitaji kumkosea mtu ndipo achekwe.

Kaka aliposikia alikasirika. "Mtoto hajanyolewa nywele, mmeshamtafutia maradhi!" Hoja yake ilikuwa kwamba jina huitwa, halisomwi. Nani atamwita binti wa watu kwa herufi? Ataitwa Ummi, ataitwa Bi Mkubwa, ataitwa somo, na mumewe akipatikana atamwita anavyojua mwenyewe.

Kaka alisema kama walivyosema wazee wetu, na kwa zama zao walikuwa sawa. Katika mji huu majina yaliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla herufi za Kizungu hazijafika, na yaliandikwa mazima: fulani bin fulani, fulani binti fulani. Hati ile haina herufi kubwa ya kutanguliza jina, wala watu hawakuwa na haja ya kulikata. Chuoni nilikosomea Kurani hapakuwa na mtoto aliyejulikana kwa herufi. Angalia majina ya watu wetu wa kale. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda hapa hapa, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 Carl Velten akachapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro, kinachoeleza uzazi na malezi ya pwani kwa undani ambao wasomi wengi wa leo wanauonea wivu. Mtoro ni mtu anayekimbia. Kwa mwalimu wa siku hizi ni mwanafunzi asiyeonekana darasani. Na mwenye jina hilo akawa mwalimu katika mji mkuu wa Ujerumani, akafia huko mwaka 1927, na mpaka leo anatajwa kwa jina zima, pamoja na hilo bin lake.

Kukata majina kulikuja na karatasi za aina nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakawabatiza kwa majina ya watakatifu watoto waliokombolewa utumwani. Wajerumani wakaweka serikali yao hapa kabla ya kuihamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Wakafuata Waingereza, na shule, na daftari la mahudhurio, na bweni. Bwenini ndiko hasa herufi zinakokuwa jina. Tranka lina nafasi, lakini mpini wa mfagio hauna, ukingo wa ndoo hauna, kola ya shati haina, na majina matatu hayaenei. Unaandika herufi zako kwa rangi ya mafuta ili kitu chako kisipotee, na kuanzia siku hiyo kila anayepita bombani anakusoma. Hata pale soko la samaki ufukweni ndoo na visanduku vina herufi za wenyewe, na mchuuzi anaweza kumjua mwenzake kwa herufi za ndoo yake asijue jina la mamaye. Kaka yangu hakuwahi kulala bweni. Mimi nililala.

Nilikuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jirani yangu kitandani alikuwa msichana kutoka vijiji vya kusini mwa Pangani. Jina lake la kwanza lilianza na T na la baba yake na B. Tuliandika mawili tu wakati huo. Ndoo yake ilikuwa ya bati, na herufi zake alizichora vizuri, kwa rangi nyeupe, mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote.

Miaka ile herufi T.B. hazikuwa kifua kikuu peke yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ulipoteremka mpaka kwetu kifua kikuu kikaenea pamoja nao, maana mwili uliodhoofika hauwezi kukizuia. Watu hawakutamka UKIMWI. Walisema, "Fulani ana TB," kisha wakatazamana. Kwa hiyo wasichana walipoisoma ndoo ya mwenzetu hawakusoma ugonjwa mmoja, walisoma miwili. Wakaanza kuvuta kola za sweta puani akipita. Kwenye foleni ya maji wakaacha nafasi mbele ya ndoo yake na nyuma yake. Mwalimu alipogawa karatasi za majaribio kwa kusoma herufi, darasa zima likakohoa.

Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akageuza herufi, akaandika B.T., na hiyo ikawafurahisha zaidi. Mwisho akaikwangua ile rangi kwa jiwe, herufi zote zikaondoka, na kabla ya wiki kwisha ndoo ikaibiwa, kwa kuwa ndoo isiyo na alama bwenini ni ya kila mtu. Akawa anaoga kwa kuazima. Nakumbuka kwamba aliacha kunyoosha mkono darasani, yeye aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, kwa sababu kunyoosha mkono ni kuomba uitwe.

Wale wasichana hawakuwa wabaya. Ningependa hili lieleweke, kwa sababu tunapozungumza juu ya watoto wanaochekana huwa tunatafuta mtoto mbaya wa kumwadhibu. Walikuwa wenzangu, waligawana sukari na sabuni, na mmoja wao alilia usiku kucha baba wa msichana huyo huyo alipofariki. Hawakumchukia. Herufi ziliwapa kitu cha kuchezea, na kitu chenyewe kilikuwa kikali.

Hivi sasa mwenzangu huyo ni mama wa watu wazima. Tulipokutana stendi ya Bagamoyo alikuwa na fomu ya benki mkononi, na pale palipodai herufi za mwanzo alikuwa ameandika jina zima, likavuka kisanduku.

Nilimsimulia kaka habari hizi. Akanijibu jibu la mtu wa pwani: utani ni sehemu ya maisha, mtoto atazoea. Hapo ndipo tulipopishana kwa kweli, na bado naona tunapishana na watu wengi. Utani ni jambo ninaloliheshimu. Wazaramo wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma, na sababu yake ilipita katika mji huu. Misafara iliyotoka bara na pembe za ndovu ilifikia hapa, wapagazi wakakaa miezi kungoja safari ya kurudi, watu wakagombana, wakapatana, wakaoana, na ule uhusiano ukageuzwa utani ili kusiwe na chuki. Lakini utani una sheria. Mtani anayekutukana msibani ndiye huyo huyo anayeshika jembe la kaburi. Anakutania nawe una haki ya kumtania, na anajua zamu yako inakuja. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mchumba" na mjukuu anamjibu kwamba hana meno ya kutafunia mahari. Kila upande una la kusema, na kila upande una wajibu kwa mwenzake.

Msichana wa ndoo ya bati hakuwa na la kusema. Angejibu nini? Waliovuta kola puani hawakuwa na deni lolote kwake, wala yeye hakuwa na zamu. Pwani jambo hilo tuna maneno yake, nayo si utani: ni stihizai, ni dhihaka. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inalikataza waziwazi, kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuumizana. Kumwambia mtoto kwamba stihizai ni utani ni kumnyima hata haki ya kuumia.

Kaka hakukubali kwa haraka, na sitaki kumpunguzia akili. Jioni moja alitukalisha barazani akatoa hoja yake nzuri kuliko zote. Nchi hii, akasema, ilimchagua mwaka 2015 mtu aliyeitwa John Pombe Magufuli. Pombe! Jina liliandikwa kwenye karatasi za kura, likasomwa misikitini na makanisani, na mtu akaapishwa nalo. Je, Bi Kidude? Aliitwa Fatuma binti Baraka, lakini dunia ilimjua kwa jina alilolipata kwa kuzaliwa mdogo mno, na alipofariki Aprili 2013 lilikuwa jina la heshima kuliko majina mengi ya masultani. Na mtaani kwetu kuna Shida, kuna Tabu, kuna Mashaka, kuna Sikujua, na wote wameoa na wameolewa. Jina halimharibu mtu, akasema, mtu ndiye anayelitengeneza jina.

Nililala na maneno hayo. Asubuhi niliona kilichokuwa kinanisumbua. Pombe ana kisa. Kidude ana kisa. Tabu akiulizwa kwa nini anaitwa Tabu atakuambia mama yake aliteseka siku ngapi, na atakuambia kwa fahari, maana jina lake ni ushahidi kwamba mama alipona. Hata jina linalochekesha, mtu fulani alilitoa kwa sababu fulani, na mwenye jina anaweza kusimama juu ya sababu hiyo akajibu. Herufi hazina kisa. Hakuna aliyempa mtoto U.T.I. wala hakuna aliyekusudia. Zimekutana tu, kama abiria watatu kwenye kiti kimoja cha daladala. Akichekwa kwa hizo hana bibi wa kumtaja, hana dua, hana safari ya bara, hana lolote la kuwarudishia. Mtoto anaweza kubeba jina gumu. Ninachokataa ni kumpa kitu kigumu kisicho na maelezo.

Tena kuna majina yenye kisa ambayo wenyewe waliyaacha. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Alipofika mjini na sauti yake ikajulikana akawa Siti, na kwa jina la Siti akasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliandika wasifu wake kwa jina hilo la pili, na leo ukisema Mtumwa binti Saad wengi watakuuliza ni nani. Sidhani kuna aliyemlaumu kwa kuwavunjia heshima wazazi wake.

Baba wa mtoto, yeye alikuwa katikati ya mkewe na baba yake, mahali pagumu pa kijana. Alikaa kimya siku zote hizo akichokonoa simu. Akaja na utafiti wa Marekani. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza vyeti vya vifo vya California vya mwaka 1969 hadi 1995, wakasema wanaume ambao herufi zao zilisomeka vibaya kwa Kiingereza, kama vile nguruwe au kufa, walikufa mapema kwa karibu miaka 3, na wenye herufi nzuri waliishi zaidi ya miaka 4 kuliko wengine. Mkewe aliposikia alishika kifua. Lakini kijana ni mkweli, akasoma mpaka mwisho: mwaka 2005 watafiti wengine walizichambua takwimu hizo upya, wakalinganisha watu waliozaliwa miaka ya karibu, na ile tofauti haikuonekana tena. Nilifurahi kusikia hilo. Mtoto hafi kwa herufi. Hatukuhitaji kutishwa na kifo ili tuone aibu ya miaka minne ya sekondari kuwa ni kitu.

Tulimpelekea jambo letu sheikh aliyekuwa atusomee dua ya akika. Hakuchukua muda. Alitukumbusha kwamba Mtume alibadili majina ya watu waliokuwa na majina mabaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani mwasi, akamwita Jamila. Akatusimulia habari ya Hazn, mtu aliyeitwa Ugumu, ambaye Mtume alimwambia awe Sahl, yaani Wepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, ndiye aliyeeleza kwamba ule ugumu ulibaki katika ukoo wao. Sheikh hakusema zaidi. Kaka alitazama miguu yake, kwa sababu aliyekataa katika habari ile alikataa kwa ajili ya baba, kama yeye alivyokuwa anakataa kwa ajili ya mama.

Kilichotufungua hakikuwa hoja. Nilikuwa nimefungua kasha la marehemu kutafuta kanga ya kumfunikia mtoto siku ya akika, nikakuta kadi yake ya mpiga kura na hati ya kiwanja chetu cha Magomeni. Zote mbili zimeandikwa Kulthumu. Nikazipeleka barazani. Kweli, mashoga zake walimwita Bi Kulthumu. Wauza samaki walimwita Bi Kulthumu. Ummukulthum lilikuwa jina la maulidini na la sheikh, na la kaka pale alipotaka kumbembeleza ampe hela. Nikamuuliza kaka, "Baba alikuwa anamwitaje?"

Alikaa kimya kitambo. Baba yetu alikuwa mtu wa sauti, akirudi kutoka pwani aliita kutoka kwenye kona ya nyumba ya jirani, ili chai iwe tayari. Aliita Kulthumu. Mtaa mzima ulijua saa kwa mwito huo.

"Basi ni Kulthumu," kaka akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

K.T.I. haisomeki chochote. Tulimwita mtoto wa jirani, wa darasa la sita, tukampa karatasi asome. Akasoma herufi tatu akasimama kungoja tumuulize swali lenyewe. Mama wa mtoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Siku ya saba nywele zikanyolewa, uzito wake wa fedha ukatolewa sadaka, mbuzi mmoja akachinjwa kama ilivyo kwa mtoto wa kike, na jina likatajwa mbele ya watu. Marehemu hakupungukiwa na kitu. Kaka anamwita mjukuu wake mama, na mashoga wa bibi wanamwita somo, sawasawa na ambavyo wangemwita kwa herufi nyingine.

Nawaandikia haya hasa wale ambao bado hawajakaa kikao chao. Zama hizi jina linashika mapema kuliko zamani. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulioanza kazi mwaka 2006, una mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya mwaka 2013, na cheti hutolewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni jambo jema, mtoto asiye na cheti anahangaika. Ila kilichoandikwa pale kitaingia shuleni, kitaingia Baraza la Mitihani, kitaingia NIDA, na ukitaka kubadili baadaye utabeba hati ya kiapo kutoka dirisha moja hadi jingine. Huko zamani mtu alikuwa na jina la utotoni na la ukubwani na hakuna aliyemdai maelezo. Zungumzeni kabla ya siku ya saba, na yaandikeni majina yote matatu kwenye karatasi mbele ya babu. Msianze kwa kumpinga mzee. Mwonyesheni herufi zake mwenyewe, kwa kuwa mbili kati ya tatu zinatoka upande wake, na watoto wote watakaofuata katika nyumba hiyo watazibeba hizo hizo mbili.

Wala nisieleweke kwamba herufi ni balaa. Jakaya Mrisho Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliitwa JK na nchi nzima kwa miaka kumi ya urais wake, na Julius Kambarage Nyerere alikuwa na hizo hizo mbili kabla yake. Kuna mtoto atakayepata herufi nzuri bila mtu kukusudia, na atatembea nazo kwa raha. Furahini naye.

Kwa mtoto ambaye cheti chake kimeshatoka na herufi zake ni mbaya, wazazi wana kidogo cha kufanya na walimu wana kingi. Nawaomba walimu wa shule zetu, kuanzia Bunju hadi Saadani na popote mnaposoma haya: msigawe karatasi kwa herufi, msiite kwa herufi, na mkimsikia mtoto anaitwa hivyo mkaona mwenzake hacheki, msipite. Majina kwenye daftari la mahudhurio ni matatu. Yasomeni yote.